Linki ya Upande wa Kulia

Jumatano, tarehe tisa Agosti, saa tatu kasorobo asubuhi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Sindano, uko wapi?"

Sauti ya Mkuu ilitoka kwenye redio ya Motorola iliyobanwa kwenye ukosi wa shati. Sauti ya mtu aliyekunywa chai yake vizuri.

"Gereji, Mkuu."

"Glavu ametoka ghalani. BMW nyeusi. Sanduku analo. Mfuate."

"Gari liko juu ya jeki, Mkuu."

"Sikukuuliza liko juu ya nini. Toka!"

Redio ikakata.

Sindano aliitazama Subaru yake. Gurudumu la mbele la kulia lilikuwa linaning'inia hewani kama mguu wa kuku anayesubiri kisu. Chini ya gari lile, kama chini ya magari mengi, kulikuwa na chuma kirefu kilichopinda ncha mbili, mafundi wanakiita stebilaiza. Kazi yake ni kuunganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale ubavu kwenye kona. Kila ncha inashikwa na kijiti chake, linki. Na linki hizi zilikuwa za aina ya kurekebishwa: unaizungusha, inarefuka, unaizungusha kinyume, inafupika.

Ya kushoto ilikuwa imeshafungwa. Ya kulia ilikuwa inachezacheza.

Fundi wa gereji, mwanamke mmoja wa makamo aliyeitwa Mama Nati na kila mtu mpaka mumewe, alikuwa amevuka barabara kwenda duka la vipuri. Aliacha agizo.

"Nafuata nati mpya ya kufungia. Ya kulia usiiguse, mdogo wangu. Nikirudi tunalishusha gari, unakaa kwenye kiti chako, ndipo naimaliza."

Sindano alisikia. Hakuwa kiziwi.

Alikuwa jasusi. Alifundishwa kufungua bunduki gizani, kuvuka mpaka kwa pasi sita, kulala juu ya paa siku nzima bila kukohoa. Akajiambia, nati moja itanishinda nini?

Akajilaza chini. Akaishika linki. Bolti haikuliona tundu lake, vilipishana kwa upana wa vidole vitatu. Akaizungusha linki, ikafupika. Bado. Akaizungusha tena mpaka ikakaribia kumaliza uzi wake. Bado kidogo.

Akachukua mtaimbo.

Akakikandamiza kile chuma kwa uzito wake wote. Mtaimbo ukateleza, ukamchuna kifundo cha mkono. Akarudia. Bolti ikaingia, na chuma kikatoa mlio.

Aliusikia. Mtu yeyote aliyewahi kushika chuma anajua kwamba chuma hakilii bure.

Akafunga nati ya zamani. Akaliteremsha gari. Akaondoka.

*

Glavu alikuwa mtu wa nje. Jina lake halisi lilikuwa kwenye mafaili ambayo watu kama Sindano hawaonyeshwi. Kilichojulikana ni glavu zake za ngozi nyeusi asizozivua hata mezani, na sanduku lake. Ndani ya sanduku mlikuwa na vilipuzi, na vilipuzi vile viliandaliwa kwa ajili ya mlango wa bwawa lililo juu ya mji. Mlango ule ukifunguka kwa nguvu, mitaa ya chini yote inakwenda na maji. Mitaa ya juu hapana. Wakubwa wanakaa mitaa ya juu, ndiyo maana jambo lile walilijadili miezi kadhaa bila haraka.

Sindano aliikamata BMW kwa macho kwenye mzunguko wa soko.

Kona ya kulia. Subaru ilichoma kona kama sindano kwenye kitambaa.

Kona ya kulia tena. Akapunguza umbali. Aliona kisogo cha Glavu, aliona taa za breki.

"Kituo, namuona. Nusu dakika namfunga."

"Tumekupata, Sindano."

Kiwanda cha matofali kilikuwa mbele. Pale barabara inakata kushoto.

Akakata usukani kushoto.

Pua ya gari ikaenda mbele.

Akakata zaidi. Tairi zikalia, gari likagoma. Kile chuma kilichokazwa kwa nguvu kilikuwa kinausukuma upande wa kulia chini na kuunyanyua wa kushoto. Subaru ikavuka barabara ikiwa imekasirika, ikaingia kwenye rundo la matofali.

Vumbi. Puto la usukani usoni.

Mbele, BMW ilipunguza mwendo. Kioo kikashuka. Mkono wenye glavu nyeusi ukatoka ukampungia taratibu, kama mtu anayemuaga mtoto wa shule.

Kisha Glavu akaenda zake.

*

Alasiri ile ile, kamati ilikaa. Meza ndefu, chupa za maji, wanaume wanne waliopiga pasi mashati. Mkaguzi wa magari alisoma ripoti yake amesimama.

"Linki ya mbele kulia imefupishwa mno. Fupi kuliko ya kushoto kwa sentimita nne. Gari lisingeweza kukata kushoto kwa kasi. Kwa maoni yangu hii ni hujuma."

Neno hujuma likaipendeza meza. Wakubwa hawapendi bahati mbaya, maana bahati mbaya haina wa kumfunga.

Mkuu akamgeukia Sindano. "Nani aliligusa gari mara ya mwisho?"

Sindano akamtazama Mkuu. Mkuu alijua habari ya jeki, aliambiwa kwa redio na masikio yake yakasikia. Lakini macho ya Mkuu yalikuwa kwenye chupa ya maji, yanasoma kibandiko.

"Fundi," Sindano alisema.

Neno moja tu, wala halikumkwama kooni. Hilo ndilo lililomtisha baadaye.

Kabla jua halijazama, watu wawili walimtoa Mama Nati chini ya gari la mteja, wakamwambia avue viatu, wakampakia. Hawakumwambia kosa. Jirani mwenye duka la vipuri alisema mama yule aliuliza kitu kimoja tu: kama yule kijana wa Subaru amepona.

"Jumatatu anapelekwa gereza kuu," Mkuu alimwambia Sindano kwenye korido, akimpiga bega. "Kesi ya uhaini. Kula njama na adui. Nenda kapumzike, kijana wangu."

Sindano hakupumzika. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaipiga hesabu. Glavu hamjui Mama Nati. Akikamatwa hai, atasema hamjui. Akisema hamjui, mama anaachiwa. Na hakuna atakayehitaji kujua nani alishika mtaimbo.

Ilikuwa hesabu ya mwoga, lakini jibu lake lilivutia.

*

Alipewa Subaru nyingine, na linki mpya ndani ya boksi lake. Mtu wa kuzifunga hakupatikana. Alizunguka gereji tano. Kila fundi alipoona namba za gari alikumbuka msiba wa mjomba. Wasilaumiwe. Nani ashike gari ambalo likikosa kona yeye anakuwa mhaini?

Alhamisi akateremka mahabusu, chini ya jengo lile lile la meza ndefu. Palinuka dawa ya kuua wadudu. Mama Nati alikaa kwenye benchi la saruji, miguu pekupeku, oili bado imo kwenye mistari ya viganja. Hawakumpa hata sabuni.

Alipomwona, akasimama.

"Mdogo wangu! Umepona? Waliniambia umegonga."

Sindano alikuja amejiandaa kwa matusi. Kwa hili hakujiandaa.

"Nimepona, dada."

"Mungu mkubwa. Na kichwa?"

"Kipo."

"Kilikuwepo tangu mwanzo?" Akacheka peke yake. Kicheko kikagonga ukuta, kikarudi.

"Dada, nimepewa gari jingine. Nina linki. Mafundi wamenikimbia wote."

"Basi wana akili."

"Nifundishe."

Mama Nati akachuchumaa, akaanza kuchora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu. Magurudumu manne. Chuma katikati. Vijiti viwili.

"Jeki iweke mbali kabisa. Magurudumu yote chini, mahali tambarare. Tumia shimo langu pale gereji, uingie chini ya gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Litikise, springi zikae zinavyotaka zenyewe. Mtu mwenye uzito kama wako akae kwenye kiti chako. Funga kushoto. Halafu kulia zungusha linki, zungusha polepole, mpaka bolti iingie kwa kidole."

"Kwa kidole."

"Kwa kidole! Sikusema nyundo. Ikiingia kwa kidole, ujue chuma kimelala, hakimvuti mtu. Sasa kaza nati ya kufungia, na spana nyingine ishike linki yenyewe, isijipinde vichwa. Kisha kata usukani mpaka mwisho huku na huku, uangalie haigusi tairi wala mpira wa breki. Umemaliza."

"Na ikikataa kuingia?"

"Ikikataa inakuambia kitu. Isikilize."

Akaifuta michoro kwa kiganja.

"Aliyeifunga ile ya Jumatano," akasema kwa upole, "hakuisikiliza."

Hakuwa anauliza. Macho yake yalitua kwenye kifundo cha mkono wa Sindano, pale ngozi ilipochunika. Sindano akautia mkono mfukoni. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha alikuwa amechuchumaa mbele yake bila viatu.

"Nitakutoa, dada."

"Kwa njia gani?"

"Nitamkamata Glavu. Atasema hakujui."

Mama Nati akainuka, akapangusa vumbi magotini.

"Kumbe Glavu ndiye shahidi wangu," akasema. "Sina mwingine?"

Sindano alipanda ngazi kuelekea nje. Zilikuwa nyingi kuliko alivyozikumbuka.

*

Ijumaa mchana alilisimamisha gari juu ya shimo la gereji. Kimya kilikuwa kimekaa mahali pa Mama Nati. Redio yake ya ukutani imezimwa, kikombe chake kimefunikwa kwa kisahani.

Mtu akabisha kwenye bati la mlango. Mwanaume mnene, nywele nyeupe, mfuko wa plastiki mkononi.

"Samahani, mwanangu. Mimi ni mume wa fundi. Nimekuja kutafuta viatu vyake."

"Viatu?"

"Nasikia wamemchukua pekupeku. Mimi ni fundi viatu, mwanangu. Mke wa fundi viatu kutembea pekupeku, si ni mimi wananitukana?"

Alitabasamu, lakini tabasamu halikufika mbali. Shati lake lilifungwa vifungo vimepishana, kimoja juu kimoja chini, kama la mtu aliyezoea kufungiwa na mwingine.

"Na wewe nani?" akauliza.

"Mteja."

Uongo wa pili huwa mwepesi. Wa kwanza ndio unaofungua mlango.

Viatu vilikuwa nyuma ya kabati la spana, pale walipovitupa waliomchukua. Mzee akavipangusa kwa mkono wa shati, akavitia mfukoni. Akageuka kuondoka.

"Mzee wangu," Sindano akamwita. "Nisaidie kitu. Nahitaji mtu akae kwenye kiti cha dereva. Nirekebishe huku chini."

"Ah, najua! Ndiyo kazi yangu hapa kila Jumamosi. Nakuwa gunia lake la mchanga." Akafungua mlango. "Una kilo ngapi wewe?"

"Na vifaa vyangu, tisini na mbili."

"Basi tunalingana. Kabla ya Jumatano nilikuwa na zaidi. Sasa sufuria nalitazama, nalo linanitazama."

Gari likashuka kidogo. Sindano akaingia shimoni.

Akafunga kushoto. Akahamia kulia. Akaanza kuizungusha linki polepole, alama moja ya uzi baada ya nyingine, huku juu ya kichwa chake mzee akizungumza na usukani.

"Mwanamke yule akirudi jioni ananisimulia magari kama wengine wanavyosimulia majirani. Hili linakohoa, lile lina wivu. Jumatano aliondoka ananiambia, leo namalizia gari la kijana mmoja, anakimbia mno, nataka lisije likamuua."

Mkono wa Sindano ukasimama.

"Nyumba imekuwa kubwa, mwanangu. Nalala upande wangu tu wa kitanda. Ule mwingine nausogelea usiku, naona baridi, narudi. Na hajafa. Je, angekufa?"

Bolti ilikuwa bado inagusa ukingo wa tundu. Akazungusha nusu duru.

"Kijana, uko?"

"Niko, mzee."

"Wanasema kuna mtu alisimama mbele ya wakubwa akasema ni mke wangu. Wewe ni mteja hapa, pengine unamjua?"

Shimo lilikuwa na harufu ya oili ya zamani. Tone likamwangukia kwenye shavu.

"Simjui," Sindano akasema.

Na papo hapo bolti ikaingia. Kwa kidole. Ikateleza bila sauti kama mkono unavyoingia kwenye mfuko wa shati la siku zote. Wala haikugusa pembeni. Hivyo tu ndivyo ilivyotaka tangu mwanzo: gari chini, mtu ndani, subira kidogo.

Alikaza nati huku spana ya pili imeishika linki. Alimwomba mzee akate usukani mwisho kushoto, mwisho kulia. Hakuna kilichogusa kitu.

"Tayari?" mzee akauliza kutoka juu.

"Tayari."

"Mbona sauti yako imekuwa hivyo? Vumbi?"

"Vumbi, mzee."

*

Jumamosi alasiri.

"Sindano, Kituo."

"Sema."

"BMW nyeusi imevuka daraja. Inapanda njia ya bwawa. Sanduku limeonekana kiti cha mbele."

"Nani mwingine yuko karibu?"

"Hakuna. Mkuu yuko kwenye chakula cha wageni."

"Bila shaka."

Akaibana Glock kwenye mkanda, akavaa fulana ya kuzuia risasi, akakanyaga mafuta.

Njia ya bwawa inapanda mlima kwa mikunjo. Mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili. Sindano aliiona BMW kwenye mkunjo wa tatu.

Glavu naye alimwona. Risasi ikapasua kioo cha pembeni cha Subaru. Ya pili ikapita juu ya paa.

Kona ya kulia. Sindano akapunguza umbali.

Barabara iliyonyooka. Glavu akaongeza mwendo, akauachia tena.

Halafu Glavu akafanya jambo la ajabu. Palikuwa na njia panda. Kulia ni mkato wa kufika bwawani haraka. Kushoto ni barabara ya zamani, inayozunguka ukingo wa mfereji wa maji ya ziada, na kona yake ya mwisho ni kali kuliko zote. Glavu akachukua kushoto. Tena akapunguza mwendo, kama mwenyeji anayemsubiri mgeni apite.

Sindano akaelewa.

Glavu alikumbuka kiwanda cha matofali. Aliidhani Subaru hii ni ile ile isiyojua kushoto, na hakutaka kupoteza risasi kwa mtu atakayejiua mwenyewe.

Kona ikafika.

Mikono ya Sindano ikakataa kidogo. Si gari, mikono. Ilikumbuka matofali.

Akakata kushoto.

Subaru ikalala kwa pande zote sawasawa, ikauma lami, ikageuka. Haikulia wala haikugoma. Ikapita ndani ya kona, kati ya BMW na mwamba, karibu kiasi cha kuona mdomo wa Glavu ukiwa wazi.

Glavu alikuwa anatazama kioo, akingoja kumwona mtu akianguka. Hakuitazama barabara yake. Gurudumu lake la nje likatumbukia kwenye mtaro. BMW ikainama, ikakwama, ikazima.

Sindano alishuka kabla Subaru haijasimama sawasawa.

"Mikono juu!"

Glavu alitoka na sanduku mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika kirimoti kidogo kama cha televisheni.

"Piga," akasema. "Piga, na sisi wote twende."

Akabonyeza.

Hakuna kitu.

Akabonyeza tena. Ngozi ya glavu ilikuwa nene, na kitufe kilikuwa kidogo kama punje ya dengu. Kidole kilikuwa kinabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Glavu akaileta glavu mdomoni, akaiuma kwa meno aivue.

Hiyo ndiyo nafasi Sindano aliyopewa.

Teke. Kirimoti kikaruka, kikadondoka mferejini. Goti tumboni. Kiwiko shingoni. Pingu.

Chini ya glavu palikuwa na mkono wa kawaida tu, kucha zimekatwa vizuri.

Glavu alihema uso ukiwa kwenye lami. "Gari lako halikati kushoto," akasema, kama mtu aliyeuziwa mbuzi akakuta paka.

"Lilipata fundi."

Lilikuwa jibu zuri. Ni aina ya majibu ambayo kazini wangeyarudia kwa wiki nzima. Sindano alilisikia likitoka mdomoni mwake, akatamani kulitema.

*

Jioni ile alisimama nyuma ya kioo wakati Mkuu akimhoji Glavu. Mkuu bado alikuwa na kitambaa cha mezani mfukoni.

"Yule fundi mwanamke. Ulimpa nini?"

"Mwanamke gani?"

"Wa gereji."

"Sijawahi kumwona fundi yeyote. Nina gari na nina bunduki. Fundi wa nini?"

Sindano akashusha pumzi. Hesabu yake imetoka. Mkuu alipofunguliwa mlango, Sindano akamkimbilia.

"Umesikia, Mkuu. Hamjui."

"Nimesikia." Mkuu alikuwa ameridhika. "Anamlinda. Adui mzuri hamtaji mwenzake."

"Na kama angesema anamjua?"

"Angekuwa amemtaja."

"Kwa hiyo vyovyote vile..."

"Vyovyote vile," Mkuu akasema. "Kijana, umeokoa mji. Jumatatu kamati inakaa kukupongeza. Vaa suti. Mambo ya gereji waachie wenye kazi yao."

Wenye kazi yao. Sindano alitembea mpaka kwenye gari. Wakubwa mikono yao ni misafi siku zote, kwa sababu hakuna kitu wanachokishika wenyewe. Kila kitu hushikwa na wengine kwa niaba yao. Alilijua hilo. Alilijua miaka mingi, na lilikuwa kweli. Lakini mtaimbo haukushikwa na Mkuu. Na lile neno la Jumatano halikutoka kwenye mdomo wa Mkuu.

*

Jumatatu. Meza ndefu. Chupa za maji. Maua safari hii.

Walimleta Mama Nati pia, ili karatasi zake zipigwe muhuri akiwepo, kisha gari la gereza limchukue. Alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa amevaa viatu vyake, vimepigwa rangi vikang'aa, kamba mpya.

Mkuu akaanza hotuba. Ushujaa. Uzalendo. Kikosi kilichoongozwa kwa busara. Aliposema busara, aligusa tai yake.

"Sindano, simama."

Sindano akasimama.

"Una neno?"

"Ninalo."

Wakatabasamu wakingoja shukrani.

"Linki ya kulia niliifunga mimi. Fundi aliniambia nisiiguse. Gari lilikuwa juu ya jeki, gurudumu linaning'inia. Ilikataa kuingia, nikaifupisha, nikatumia mtaimbo. Mliponiuliza nani aliligusa mwisho, nikasema fundi. Nilisema uongo."

Hakuna chupa iliyofunguliwa.

"Na kabla sijatoka nilimwambia Mkuu kwa redio kwamba liko juu ya jeki."

Mkuu akasoma kibandiko cha chupa yake. Safari hii alikisoma chote.

Sindano hakuthubutu kutazama kile kiti cha plastiki. Masikio yalimchoma mpaka ndani. Alidhani akisema atapumua. Hakupumua. Aliona tu sasa wote wanakijua kile ambacho mama yule alikijua tangu Alhamisi, akakaa nacho kimya, akamfundisha hata hivyo.

Kamati ikatoka, ikanong'ona koridoni, ikarudi. Mkuu akasoma kutoka kwenye karatasi, haraka, kama mtu anayemeza dawa.

"Kwa kuzingatia ushindi uliopatikana, na kwa huruma, Idara imeamua kumsamehe mtuhumiwa. Mama, umesamehewa. Nenda nyumbani. Jambo hili lisizungumzwe nje ya hapa. Afisa Sindano atabaki na heshima yake. Kikao kimefungwa."

Ndivyo walivyolifunga. Kusema hana kosa kungehitaji kusema nani mwenye kosa, na orodha ile ingeanza na mtaimbo ikaishia kwenye tai.

Sindano akaweka Glock mezani. Akaweka redio. Akaweka funguo za Subaru juu ya karatasi ya pongezi, zikaacha alama ya oili. Akafunga kifungo cha koti, akatembea kuelekea mlangoni bila haraka, kama mtu ambaye hakuna anayemdai.

Hakuna aliyemzuia. Ila sauti moja, nyuma yake, haikumhusu yeye wala haikumwita.

"Samahani, wakubwa," Mama Nati alisema.

Sindano alikuwa ameshafungua mlango. Kwenye benchi la korido alikaa mwanaume mnene mwenye nywele nyeupe, shati vifungo vimepishana. Akainuka, uso umejaa mwanga.

"Mteja! Na wewe wamekuita? Wamesemaje, mwanangu? Yule mtu wamempata?"

Ndani, viti havikusogea. Kila mtu alikuwa anatazama meza. Mama Nati alirudia, kwa sauti ile ile aliyotumia kuulizia bei ya nati, na mpaka leo wale wanaume wanne hawajampa jibu:

"Nauliza tu. Mmenisamehe kosa gani?"